Emin Pasha: Gavana aliyeandika ndege huku dunia ikimtafuta

Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya alfajiri, niliondoka Malindi mjini, nikavuka daraja la Sabaki na kushika njia ya mchangani mpaka pale mto unapoingia baharini. Maji yalikuwa yakipwa. Kusi lilikuwa lingali likivuma, lakini si lile la Juni na Julai linalowakalisha wavuvi barazani. Ukiwa mtu wa pwani unalijua kusi linapoanza kuchoka. Na likianza kuchoka, wageni wetu hurudi.

Walikuwa wamesharudi. Pale kwenye tope walikuwepo sululu, wenye midomo mirefu iliyopinda chini kama jambia, wakitembea polepole kama watu waliopotewa na shilingi. Kando yao vitwitwi walikuwa wakikimbia mbele na nyuma kufuata wimbi. Baadhi yao kifua kilikuwa bado na wekundu wa tofali, mabaki ya vazi la arusi walilolivaa huko walikozalia, Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi. Kitwitwi wa namna hiyo uzito wake haupiti sana yai la kuku. Amevuka Asia na Bara Arabu, akamalizia safari yake kwa kupigana na kusi usoni, akafika Sabaki akaanza kula.

Papo hapo kulikuwa na kundi jingine linalojiandaa kuondoka. Ni ndege wa kahawia, wenye mbawa ndefu kama za mbayuwayu, ambao huja kwetu karibu na mwezi wa Aprili kutoka Bukini, kama wazee walivyoiita Madagaska. Wao nyumbani kwao ni kusini, na huko ndiko wanakozalia. Kwa hiyo mwezi huu wa Agosti tope la Sabaki ni kama stendi ya mabasi: hawa wanashuka, wale wanapanda.

Nilikuwa na kijana mmoja wa kijiji cha karibu, ambaye huwatembeza wageni na kuwaonyesha ndege. Ana darubini moja na daftari la shule lenye mistari. Kila kundi analoliona hulihesabu, akaandika tarehe, saa, hali ya maji na idadi. Katikati ya kuhesabu akanigeukia, akaniuliza kwa adabu: mzee, enzi zenu mkiwa wadogo, sululu wa kwanza walikuwa wakifika lini? Walikuwa wengi kuliko hawa au wachache?

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu.

Na mtu aliyekuwa na jibu nilikaa naye nyumba moja. Babangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa Mambrui. Alijua siku ya kufika sululu kama anavyojua siku ya mwandamo. Akisikia mluzi wao usiku juu ya paa la makuti, alisema kusi limevunjika mgongo, akaanza kushona tanga. Alijua ni kundi gani la buabua lililo juu ya dagaa na lipi linalocheza tu. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikienda shule, nikijua kusoma na kuandika, nina kalamu mfukoni. Sikumwandika hata siku moja. Alipofariki, aliondoka nayo yote.

Swali la kijana yule lilinirudisha kwenye maisha ya mtu mmoja niliyewahi kumsoma nikiwa chuoni, nikamdharau. Leo nataka kuwasimulia habari zake. Anaitwa Emin Pasha.

Wengi wetu tukilisikia jina hilo tunadhani ni Mturuki au Mmisri. La. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, sehemu ya Silesia ambayo leo iko Poland, katika familia ya Kiyahudi. Jina lake lilikuwa Isaak Eduard Schnitzer. Baba alikufa mtoto angali mdogo, mama akaolewa na Mkristo, na mtoto akabatizwa. Akasomea udaktari, akamaliza mwaka 1864. Lakini kwa sababu ya mambo ya mitihani na vibali hakuruhusiwa kufanya kazi ya udaktari nchini mwake. Basi akafunga mzigo akaenda kwenye dola ya Uthmaniya, akapata kazi ya daktari wa karantini katika bandari ya Antivari, ambayo leo iko Montenegro.

Huko ndiko alikoanza kubadilika. Alikuwa na kipaji cha lugha, akajifunza Kituruki, Kialbania, Kigiriki na nyinginezo, na baadaye Kiarabu. Akavaa tarbushi. Akajichukulia jina la Kiislamu, kisha akamwandikia dada yake kumtuliza kwamba ni jina tu alilobadilisha. Akaingia katika nyumba ya gavana mmoja wa Kituruki, Ismail Hakki Pasha. Pasha huyo alipokufa mwaka 1873, Schnitzer alimchukua mjane na watoto, akawapeleka kwao Ujerumani na kuwatambulisha kama jamaa yake mwenyewe. Kisha siku moja ya mwaka 1875 akatoka asirudi. Aliwaacha. Sitaki kulifunika hilo, kwa sababu anayesimulia maisha ya mtu asisimulie upande mmoja.

Alipoibuka tena alikuwa Khartoum, Disemba ya mwaka huohuo, akiitwa Mehmed Emin. Emin ni matamshi ya Kituruki ya Amin, jina tunalolipa heshima kubwa sisi Waislamu kwa sababu ya aliyeitwa hivyo kabla ya kupewa utume. Mtu aliyetoroka nyumba akajiita Mwaminifu! Nilipomsoma mara ya kwanza nilifunga kitabu hapo. Je, alikuwa Muislamu wa moyoni au wa kilemba? Sudan aliishi kama Muislamu miongoni mwa Waislamu. Yaliyo moyoni anayajua Mola wake.

Gavana wa jimbo la Equatoria wakati huo alikuwa Mwingereza Charles Gordon, aliyetumikia serikali ya Misri. Equatoria ni ile nchi ambayo leo ni kusini mwa Sudan Kusini pamoja na kipande cha kaskazini mwa Uganda. Gordon akamwita Emin awe daktari wake mkuu, na mwaka 1876 akafika Lado, kando ya mto Nile. Akatumwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akatumwa kwa Kabalega wa Bunyoro, na kote alisikilizwa. Mwaka 1878 akafanywa gavana, akapewa cheo cha Bey, na baadaye Pasha.

Hapo ndipo ndege wanapoingia katika hadithi hii. Emin alikuwa na macho mabovu sana. Kitu cha kusoma alikisogeza mpaka karibu kiguse pua. Mtu wa macho hayo ungedhani atapenda chochote isipokuwa ndege, ambao riziki yao ni kukaa mbali. Lakini alikuwa na wasaidizi, wana wa nchi ile, waliojua kila ndege anakolala na anachokula. Wao ndio waliotega na kuwinda, wakamletea. Yeye akamsogeza ndege machoni, akampima mbawa, mdomo na miguu, akaandika mahali na tarehe, ngozi ikachunwa na kukaushwa vizuri, ikafungwa. Mizigo ilipopata njia ya kwenda Ulaya aliipeleka kwenye majumba ya makumbusho. Huko Bremen, mtaalamu Gustav Hartlaub aliipokea akawa anakuta viumbe ambavyo havikuwa katika vitabu vyovyote.

Alifanya hivyo siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, huku akiendesha jimbo. Alitibu wagonjwa, akasikiliza kesi, akapunguza madeni ya jimbo, kisha jioni akaketi na daftari: hali ya hewa, ndege, mimea, maneno ya lugha za watu. Hakuna aliyemlazimisha, na wala hakuna mshahara uliotegemea hayo.

Kisha dunia ikafungika. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza Mahdi huko Sudan, watu waliochoshwa na kodi na mijeledi ya watawala wa Misri wakamfuata kwa maelfu. Kufikia 1883 njia ya Nile ilikuwa imekatika. Hakuna meli, hakuna barua, hakuna mshahara wa askari. Januari 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Emin akarudi nyuma kusini mpaka Wadelai, karibu na Ziwa Albert, na watu wake, askari, wake zao na watoto. Nguo zilipochakaa walisuka pamba yao wenyewe. Na daftari likaendelea.

Mkewe, Safaran, alikuwa Mhabeshi. Walipata binti, Ferida. Mama yake Ferida alifariki mtoto angali mdogo, na Emin akabaki kumlea kambini, katikati ya vita na homa.

Na sasa, msomaji wangu, hadithi inaingia pwani, maana kila aliyetaka kumfikia Emin alipitia kwetu.

Wa kwanza ni Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyekuwa akiishi Unguja tangu 1877 na aliyezunguka Witu na nchi ya Tana akikusanya ndege. Ukienda leo msitu wa Arabuko-Sokoke ukamwona yule shorobo wa kijani, mwenye kishungi chekundu na mbawa zinazowaka nyekundu anaporuka, vitabuni anaitwa kwa jina la Fischer. Mwaka 1885 Fischer alitumwa kutoka pwani kwenda kumtafuta Wilhelm Junker, msafiri aliyekuwa amekwama kwa Emin. Alifika Ziwa Victoria, njia ya Buganda ikafungwa, akiba ikamwishia, akarudi. Novemba 1886 alikufa Berlin kwa homa aliyoipata safarini, akiwa na miaka 38. Naye Junker akajitokeza mwenyewe salama Unguja mwishoni mwa mwaka uleule, na barua za Emin mkononi.

Barua zile ziliitia Ulaya wazimu. Gavana mmoja, daktari, mpenda ndege, amebaki peke yake katikati ya Afrika! Magazeti yakapiga ngoma, pesa zikachangwa London, akaitwa Henry Stanley. Februari 1887 Stanley alifika Unguja akaajiri wapagazi na askari zaidi ya 600, watoto wa pwani hii na visiwa vyake. Badala ya kupita Bagamoyo, akawapakia melini pamoja na Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, wakazunguka Afrika kusini mpaka mdomo wa mto Kongo, wakapanda mto, wakaingia msitu wa Ituri. Njaa, mishale ya sumu, ndui, viboko. Wengi wa wale vijana hawakuiona tena pwani. Vitabu vimejaa majina ya maofisa wa Kizungu wa msafara ule, lakini ni wapagazi wangapi unaowajua kwa jina? Mama zao walibaki Unguja wakingoja kaskazi na kusi zipite.

Mwaka 1889 akaja Carl Peters, Mjerumani. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikilinda asipite, akateremka kwa siri mwezi wa Juni kaskazini ya Lamu, akapita Witu, akaufuata mto Tana kwenda juu. Alisema anakwenda kumwokoa Emin. Njiani alipora mazao na kuua watu, Waorma na wengineo, ambao hawakuwa na habari hata kama kuna kiumbe anayeitwa Emin. Na mwaka huohuo kampuni ya Kiingereza ikamtuma Frederick Jackson kutoka Mombasa kwenda bara, na habari za Emin zikiwa miongoni mwa alizoagizwa kuzitafuta. Jackson naye alikuwa mtu wa ndege. Alikuwa amefika Lamu mara ya kwanza mwaka 1884, na mwaka 1909 alikuwa miongoni mwa waliounda jumuiya ya elimu ya viumbe ambayo leo twaijua kama Nature Kenya.

Tazama basi: misafara juu ya misafara, bunduki juu ya bunduki, na kila mmoja ana jina la Emin mdomoni na ramani ya nchi za watu mfukoni. Hawakuwa wakimtafuta mtu tu. Walikuwa wakiitafuta nchi, na yeye alikuwa kisingizio.

Stanley alimkuta tarehe 29 Aprili 1888 kando ya Ziwa Albert. Na hapo palitokea jambo la kuchekesha na kuliza. Waokoaji walikuwa wamekonda, wamevaa matambara. Aliyekuja kuokolewa alifika kwa meli yake ya moshi, na nguo safi, akawaletea waokoaji chakula, nguo na tumbaku. Emin hakutaka hata kuondoka. Alitaka risasi na kitambaa, abaki na watu wake. Lakini baada ya miezi michache askari wake mwenyewe waliasi, wakamfunga huko Dufile, na walipomwachia utawala ulikuwa umekwisha. Aprili 1889 akaanza safari ya pwani na Stanley, shingo upande, Ferida akibebwa, mamia ya watu wake nyuma. Njiani bado alisimama kuokota wadudu na kupokea ndege, na Stanley, mtu wa haraka, hakumwelewa.

Tarehe 4 Disemba 1889 walifika Bagamoyo. Usiku huo maofisa wa Kijerumani waliwafanyia karamu. Kulikuwa na hotuba, shangwe na telegramu kutoka kwa wafalme. Emin akatoka kupunga hewa. Yale macho yake yakamsaliti: akadhani dirisha la ghorofani ni mlango, akaanguka mpaka chini barabarani. Walimkuta amevunjika, damu zikimtoka masikioni. Alikuwa amepita vita, maasi, njaa na miaka 13 ya Equatoria bila kufa, na siku ya kuokolewa ndiyo karibu imwue.

Stanley akaondoka zake. Emin akalala hospitali Bagamoyo, akapona polepole. Wote walidhani atapanda meli aende kwao akastaafu kwa heshima. Lakini mwaka 1890 aliingia kazi ya Wajerumani akarudi bara, na mwishoni mwa mwaka huo akajenga kituo cha Bukoba kando ya Ziwa Victoria. Ferida alipelekwa Ujerumani kulelewa na shangazi yake. Baba na binti hawakuonana tena.

Hapa pia nisimpambe. Wajerumani walikuwa wakiikamata nchi, na Emin aliwasaidia kuikamata. Mwalimu yeyote wa historia atakwambia hivyo, na atakuwa amesema kweli.

Kutoka Bukoba alizidi kwenda magharibi, akavuka mipaka aliyoruhusiwa, akitafuta watu wake wa zamani na labda akiutafuta ujana wake. Ndui ikaingia katika msafara. Mwishoni mwa 1891 akamwamuru mwenzake Franz Stuhlmann aondoke na walio wazima, yeye akabaki na wagonjwa. Wakati huo alikuwa karibu kipofu. Alipopata nafasi akaelekea mto Kongo. Nchi ile ilikuwa vitani kati ya dola ya Wabelgiji na wafanyabiashara wa pembe na watumwa, wengi wao watu waliosema Kiswahili kama mimi na wewe, na yeye alikuwa na uadui nao tangu zamani. Oktoba 1892, mahali paitwapo Kinena, watu waliotumwa na mkubwa mmoja aitwaye Kibonge walimkuta ameketi mezani pake. Wakamshika, wakamchinja. Alikuwa na miaka 52.

Ndege wa Siberia ana safari mbili, ya kuja na ya kurudi. Schnitzer wa Oppeln alikuwa na ya kuja tu.

Basi kilibaki nini? Equatoria yake ilisambaratika kabla hajafika pwani. Vyeo vyake, Bey na Pasha, ni vya dola ambayo haipo tena. Koloni aliloingilia kazi mwishoni lilikwisha baada ya vita vya kwanza vya dunia. Kelele za magazeti zilikuwa za msimu mmoja.

Kilichobaki ni ndege na daftari. Yuko shomoro mdogo wa rangi ya kahawia nyekundu, anayepatikana sehemu kavu za Kenya na nchi za jirani, ambaye Hartlaub alimpa jina la kisayansi lenye maana ya shomoro wa Emin Bey. Shomoro huyo ana tabia ya kuvamia viota vya kwera na kuvifanya vyake, na mimi humwona kuwa amepata jina linalomfaa, kwa mtu aliyeishi maisha yake katika nyumba na majina ya wengine. Yuko na mbwigu mmoja aliyeitwa kwa cheo chake cha ugavana. Ngozi alizozikausha zingali kwenye makabati ya Ulaya, kila moja na kikaratasi chake: mahali, tarehe, vipimo. Daftari zake Stuhlmann alizitoa kwa chapa kuanzia 1916, majuzuu kadhaa, na moja zima ni la wanyama na ndege. Mtaalamu wa leo akitaka kujua ni nini kilichoishi mahali fulani kando ya Nile miaka 140 iliyopita, ana pa kuuliza. Mimi nikitaka kujua kilichoishi Sabaki miaka 40 tu iliyopita, nyumbani kwangu, sina.

Lakini kuna majina ambayo hayakubaki. Wale wasaidizi waliomletea ndege, waliojua sauti na kiota cha kila mmoja, hawana shomoro wala mbwigu. Elimu ilikuwa yao, macho yalikuwa yao. Emin alikuwa na kalamu. Naye babangu alikuwa kama wao, isipokuwa babangu hakukosa mwenye kalamu. Alikuwa naye sebuleni, akifanya hesabu za shule.

Nayasema haya kwa sababu Sabaki haikai kama ilivyo. Mto unashuka na udongo kutoka bara kote, ufuo unasogea mwaka hadi mwaka, mikoko inakatwa na kuota, nyumba zinajengwa, watu wanazidi. Kila siku kuna mtu barazani anasema ndege wamepungua, na mwingine anasema la, wako vilevile. Mashauri ya baraza ni matamu, lakini siku atakapokuja mtu na ramani yake akisema pale pana tope tupu, hapana kitu, tutamjibu kwa nini? Kwa kumbukumbu za marehemu? Tutamjibu kwa daftari la yule kijana, mstari kwa mstari, tarehe kwa tarehe. Na daftari moja halitoshi.

Walimu wa Mambrui, Gongoni, Watamu na Mida, watoto mlio nao wanaishi kwenye mojawapo ya stendi kubwa za ndege katika pwani yote hii. Wapeni daftari. Vijana mnaokwenda baharini na babu zenu, waulizeni ndege gani huja na upepo gani, muandike jina kama wanavyolitamka wao. Wazee, msingoje kuulizwa. Si lazima mtu awe na darubini. Emin Pasha alikuwa karibu haoni.

Hawa sululu waliofika sasa ni wakubwa. Wanangu waliponiuliza nikawaambia: watoto wao wako nyuma, wataondoka Siberia baadaye, bila baba wala mama wa kuwaonyesha njia, na watafika hapahapa. Mwenyezi Mungu amewaandikia njia ndani yao. Sisi hakutuandikia hivyo. Sisi tumepewa kalamu.

Nilipotoka Sabaki nilipita dukani Malindi nikanunua daftari la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe, maji kupwa, kusi la wastani, sululu 23. Chini yake nimeacha mistari kadhaa kwa ajili ya machache ninayoyakumbuka ya babangu, kabla nayo hayajaruka.